Vichwa Vilivyokwenda Mahakamani

Mshonaji wa duka la mkabala aliingia saluni bila hodi, akavuta kiti cha wateja, akakaa, kisha akafungua mfuko wa plastiki na kuumwaga wote mapajani kwa Mama Vichwa. Zilikuwa nywele. Wala si za kununua. Zilikuwa zake mwenyewe, zimeng'oka na mizizi, nyingine zimeondoka na vipande vya ngozi.

"Mali yako hiyo," alisema. "Umezitoa wewe, kaa nazo."

Mama Vichwa hakuwa mtu wa kukosa la kusema. Hilo jina alipewa na waendesha pikipiki waliokuwa wakiegesha nje ya saluni, kwa kuwa mtu akipita mlangoni hamsalimu mpaka amalize kumkagua utosi. "Shoga, hicho kichwa kinalia, kilete nikibembeleze," angesema, na mpita njia angejikuta ameshakaa kwenye kiti, taulo shingoni, bila kujua alivyofika pale. Lakini siku hiyo alizitazama zile nywele na utani wote ukamwisha.

"Toa kilemba nione."

"Sitoi."

"Dada yangu, toa."

Mshonaji alitoa. Katikati ya kichwa palikuwa peupe, ngozi mbichi inatoa majimaji, na kandokando malengelenge yalikuwa yamepasuka na kukauka vibaya. Wateja waliokuwa wakisubiri zamu walisimama mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akikumbuka ghafla kwamba ameacha sufuria jikoni.

Chanzo cha yote kilikuwa kopo la zambarau. Msichana mmoja wa kampuni, mchangamfu, ana fulana ya rangi ileile ya kopo, alikuwa amepita saluni kwa saluni akitangaza krimu mpya ya kulainisha nywele. Kopo lilijisifu lenyewe kwa herufi kubwa: mafuta ya asili matupu, hakuna dawa kali, salama hata kwa mtoto. Mama Vichwa alifurahi. Miaka yote alikuwa akitumia dawa ambazo ukali wake unajulikana, unavaa glavu, unakimbizana na muda, mteja akisema "inawaka" unamburuta kwenye sinki. Sasa kumbe kuna kitu cha upole. Alisoma maelekezo, akarudia kuyasoma, akayafuata neno kwa neno. Nywele zilitoka laini zinateleza, na wateja wakamiminika. Vichwa vilianza kuwaka baadaye, watu wakiwa wameshafika makwao.

Baada ya mshonaji walikuja wengine. Alikuja mwalimu wa chekechea. Alikuja bibi harusi mtarajiwa, ameletwa na shangazi zake, na wale shangazi walimshushia Mama Vichwa maneno kwa kupokezana ili asipate upenyo wa kujibu. Kila aliyekuja alitukana, na kila aliyetukana aliambiwa akae, akaoshwa kidonda kwa maji safi na kupakwa dawa ya majeraha ya moto. Mama Vichwa hakufunga mlango hata siku moja. Aliona akifunga ndipo atakuwa amekubali kosa.

Kilichomkata maini ni alipoingia mdogo wake, aliyezaliwa naye tumbo moja, aliyekuwa mpokeaji wageni hotelini. Mdogo wake alivua mtandio, akageuka polepole ili dada yake aone pande zote.

"Meneja wa hoteli amenirudisha nyumbani," alisema. "Eti wageni hawawezi kukaribishwa na mgonjwa. Nirudi zikiota."

"Na zisipoota?"

"Hapo hakusema." Akamgeukia. "Dada, ulichanganya na kitu?"

Swali hilo lilimchoma kuliko matusi ya wale shangazi wote. "Sikuchanganya na chochote. Nilikupaka wewe kama nilivyowapaka wengine, na kama kopo linavyosema."

Mdogo wake alimkazia macho, kisha akajifunga tena mtandio. "Basi nakuamini. Sasa tunafanyaje?"

Mama Vichwa alijifuta macho kwa pindo la aproni, akatwaa mkoba wake. "Wewe kaa hapa na wagonjwa wangu. Mimi nakwenda huko wanakoipika hii sumu."

Ofisi za kampuni zilikuwa baridi kama ndani ya friji, na kila ukuta ulikuwa na picha ya mwanamke anayecheka huku nywele zikipepea. Meneja wa mauzo alimpokea vizuri mno, akamwagizia maji ya chupa, akaongea kwa sauti ya mtu aliyekuja kuhani msiba.

"Mama, tumesikitika sana. Shida yetu ni hawa wasusi wa mitaani wasiofuata maelekezo. Sisemi wewe. Nasema kwa jumla."

"Sema mimi. Mimi ndiye niko hapa."

Meneja alitabasamu kama aliyetekenywa. Akaeleza kwamba kampuni haiwasahau marafiki zake. Wangempaka saluni rangi, wangemletea draya mpya, wangemtundikia bango lenye taa. Yeye atie saini tu kwenye karatasi moja, inayosema huenda aliiacha krimu kichwani kupita muda uliopangwa.

"Huenda?"

"Ni neno dogo tu, mama."

Kwenye rafu nyuma ya meneja yalipangwa makopo ya zambarau. Mama Vichwa aliinuka, akachukua moja, akalifungua na kulitua mezani katikati ya makaratasi. Harufu yake kali ikaijaza ile ofisi. Meneja alikuwa na nywele nzuri, nyeusi, zimechanwa upande mmoja kwa mapenzi.

"Neno dogo nimelisikia," alisema. "Na mimi nina ombi dogo. Jipake."

"Samahani?"

"Imeandikwa hapa, salama hata kwa mtoto. Wewe ni baba mzima. Jipake kidogo tu hapo mbele, tukae tupige soga."

Meneja alilitazama kopo. Mkono wake uliokuwa mezani ulirudi nyuma taratibu, kama una akili zake peke yake, mpaka ukapotea chini ya meza. Mama Vichwa aliungoja. Haukurudi.

"Asante kwa maji," alisema. Akafunika kopo, akalitumbukiza mkobani, akatoka bila kuaga.

Wakili aliyempata alikuwa na ofisi juu ya duka la vipuri, ngazi zinanuka oili. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, na sauti nzito ambayo ukiisikia bila kumwona ungetafuta mwanamume nyuma yake. Alimsikiliza Mama Vichwa mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta.

"Ukienda peke yako watakumeza," alisema. "Watakuita msusi asiyejua kazi, na kila mteja wako watamwambia ana ngozi ya maradhi. Watakupiga tarehe mpaka ukate tamaa. Lakini sheria inaruhusu watu wenye dai la namna moja waende pamoja. Inakuwa kesi moja, wachache wakisimama kwa niaba ya wote, hata wale wa miji mingine ambao hatujawahi kuwaona. Hapo hawapati wa kumvuta pembeni."

"Sasa wewe unahitaji nini kutoka kwangu?"

"Nahitaji vichwa."

"Vichwa," alisema Mama Vichwa, "ndiyo kazi yangu."

Alidhani itakuwa rahisi. Kumbe kumshawishi mwanamke atoe kilemba mbele ya watu ni kazi kuliko kumsuka mtoto asiyetulia. Mmoja alisema mume wake hajui, analala na kofia akisingizia mafua. Mwalimu wa chekechea alisema akionekana magazetini wazazi watawahamisha watoto. Hata mama mzazi wa Mama Vichwa alimwita nyumbani, akamkalisha kitako.

"Mwanangu, wale watu wana magari ya kubebea magari. Wewe una mikasi."

"Nina na mdomo, mama."

"Huo ndio ninaouogopa."

Lakini alizunguka nyumba kwa nyumba, akakaa kwenye vibaraza na majikoni, akasikiliza zaidi ya alivyosema. Mwishowe, alasiri moja, wakajaa saluni mpaka wengine wakakaa juu ya ndoo zilizofunikwa. Walikaa na vilemba vyao, kila mmoja akimwangalia mwenzake kwa wizi. Mdogo wake Mama Vichwa akatoa mtandio wa kwanza. Akafuata mwalimu. Halafu bibi harusi akavua wake, akajitazama kwenye kile kioo kikubwa, akasema, "Nimekuja na shangazi watatu na nywele nne. Shangazi nawapa bure, nywele siuzi."

Kicheko kilichowatoka kilisikika mpaka kwa waendesha pikipiki. Ilikuwa mara ya kwanza wengi wao kucheka tangu siku ya krimu. Baada ya hapo vilemba viliendelea kutoka bila kuombwa, na wakili, aliyekuwa amekaa pembeni na daftari lake, akaanza kuwasikiliza mmoja mmoja.

Kampuni nayo haikulala. Redio ikaanza kutoa tangazo: jihadharini na wasusi makanjanja wanaoharibu nywele zenu kwa kutojua kutumia bidhaa bora. Haikupita muda, ofisa wa manispaa akaja na kufuli, akasema saluni haina choo cha viwango, akaufunga mlango. Choo kilikuwa kilekile cha miaka yote, na ofisa huyohuyo aliwahi kukitumia.

Mtaa ulitegemea Mama Vichwa atalia. Yeye alipanga viti nje, mbele ya mlango uliofungwa, akafungua mwavuli mkubwa, akachukua kipande cha boksi na kuandika kwa makaa: MSUSI KANJANJA WA REDIONI YUPO HAPA. KARIBUNI. Watu walicheka, kisha wakakaa. Alisuka kutwa nzima juani, na kila aliyesukwa alisimuliwa habari ya kopo kuanzia mwanzo hadi mwisho, maana mtu ukishamshika nywele haendi popote.

Pigo lililouma lilitoka upande ambao hakuutegemea. Mshonaji, yule wa mfuko wa nywele, ambaye tangu ule mkutano wa saluni ndiye aliyekuwa mstari wa mbele kuliko wote, alikubali malipo ya kampuni na kujitoa kwenye kesi. Mama Vichwa alipoambiwa alivuka barabara akiwa bado ameshika chanuo.

"Umetuuza," alisema mlangoni.

Mshonaji hakuinua uso kutoka kwenye cherehani. "Mwenye nyumba alikuwa amenitolea vyombo nje. Ungenipa wewe?"

"Ungesema!"

"Kwako wewe? Uliyefungiwa saluni?"

Mama Vichwa alivuka barabara kurudi, na kila hatua akazidi kukasirika. Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Alipokuwa akisuka aligeuza kiti ili asiuone mlango wa ng'ambo. Mdogo wake alivumilia, alivumilia, hatimaye akamwambia, "Dada, hasira zote hizo ungezipeleka kwa mwenye kopo. Huyu wa ng'ambo hana nywele kama sisi."

"Usinifundishe."

"Sikufundishi. Nakukumbusha."

Siku ya kwanza mahakamani walikwenda wote kwa miguu kutoka kituo cha mabasi, vichwa wazi, bila kilemba wala wigi. Watu walisimama kando ya barabara. Mwanamume mmoja akauliza kwa sauti kama kuna ugonjwa umeingia mjini. "Umeingia," Mama Vichwa akamjibu bila kusimama. "Unauzwa dukani, kopo la zambarau."

Wakili wa kampuni alikuwa mrefu, suti imemkaa, maneno yanamtoka kama yamepakwa siagi. Hoja yake ilikuwa moja: hawa hawawezi kuwa kesi moja. Huyu ana ngozi laini, yule alichelewa kuosha, mwingine ana historia ya mba. "Mheshimiwa Jaji, kila mmoja alete shauri lake, lisikilizwe peke yake."

Jaji alikuwa mtu wa makamo aliyeonekana hajacheka tangu aajiriwe. "Krimu waliyopakwa ilikuwa tofauti kwa kila mmoja?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Na maneno yaliyo juu ya kopo, yalikuwa yakibadilika?"

"La. Ni yaleyale."

"Basi na kesi itakuwa ileile. Tuendelee."

Kwenye benchi la nyuma, wale shangazi walipiga vigelegele, wakatolewa nje.

Mkemia wa serikali alieleza alichokikuta ndani ya makopo yaliyokusanywa kwenye maduka mbalimbali, pamoja na lile la mkobani. Ilikuwa soda kali, jamii ileile inayotiwa kwenye dawa za kuzibulia mabomba, na haikutajwa popote kwenye kopo. Mafuta ya asili yalikuwemo pia, alisema, ya kutosha kuleta harufu. Mwalimu wa chekechea alishika kichwa chake kwa mikono miwili, kama anayekiomba radhi.

Kisha ikaja zamu ya Mama Vichwa. Wakili wa kampuni alimzunguka kwa upole.

"Wewe umesomea kemia wapi?"

"Sijaisomea."

"Una shahada yoyote ya mambo ya ngozi?"

"Sina."

"Sasa ulijuaje kwamba krimu hii ni salama kupaka watu?"

"Mliandika," alisema Mama Vichwa. "Nikadhani walioandika wanakijua wanachouza. Kama kosa langu ni kuwaamini, niletee karatasi yenye neno hilo, nitatia saini sasa hivi. Lile la 'huenda' nilishalikataa."

Wakili aligeukia karatasi zake, akazipekua, akasema hana swali jingine.

Hapo ndipo mlango wa nyuma ulipofunguka na mshonaji akaingia. Mama Vichwa alimwona, akageuza shingo. Lakini mshonaji alimwendea moja kwa moja wakili wao, akamnong'oneza, na baada ya mabishano marefu baina ya mawakili, Jaji akaruhusu asimame kama shahidi.

Alikuwa amevaa gauni alilolishona mwenyewe, na utosi wake ulikuwa unang'aa.

"Nilipokea malipo," alisema. "Sikatai, na nimeshayala. Alikuja mtu wa kampuni nyumbani kwangu, akanikuta nimekaa nje na vyombo vyangu. Akaniambia wenzangu wote wameshakubali, nimebaki mimi. Akaniambia nikiulizwa popote niseme nililala na krimu kichwani mpaka asubuhi. Nikamwambia sikulala nayo. Akasema, hilo tunalijua, wewe sema tu."

"Alisema 'tunalijua'?" Jaji aliuliza.

"Kwa mdomo wake. Mheshimiwa, nilikubali pesa kwa sababu watoto walikuwa nje. Ulimi wangu haukuwa kwenye hayo mapatano."

Wakili wa kampuni alisimama kupinga, akakaa, akasimama tena. Walipotoka nje, Mama Vichwa alimfuata mshonaji hadi kwenye ngazi. Walisimama bila kutazamana.

"Gauni limekupendeza," hatimaye alisema Mama Vichwa.

"Lako linakubana mabegani. Lilete nilitanue."

Yakaishia hapo.

Kabla ya hukumu kampuni ilileta pendekezo. Ingemlipa kila mmoja na kugharamia matibabu, ila kwa masharti: haikubali kosa, na hakuna atakayeruhusiwa kulizungumzia jambo hilo tena maishani. Wakili aliwasomea yote bila kuelemea upande wowote. Kulizuka ubishi mkali. Mwalimu alisema amechoka, anataka kutibiwa, basi. Hakuna aliyemlaumu. Ndipo mdogo wake Mama Vichwa akasimama.

"Tukinyamaza, watabadilisha rangi ya kopo. Litakuwa kijani. Litakwenda kwa mtu mwingine asiyejua, na msusi wake ataitwa kanjanja redioni. Mimi kichwa changu kimeonekana mji mzima, sasa mtu ananiambia nikifanye siri?"

Mikono iliinuka mmoja mmoja. Wa mwalimu uliinuka mwishoni, lakini uliinuka. Wale shangazi nao waliinua yao, ingawa hawakuwa na kura.

"Waambie hapana," wakamwambia wakili.

Jaji alisoma hukumu kwa sauti ileile kavu. Kampuni ilijua ilichokiweka ndani na ikaficha. Makopo yote yaondolewe madukani. Matibabu na fidia kwa waliodhurika wote, hata ambao hawakufika mahakamani, wakijitokeza na kuthibitisha. Na redio zilezile zilizotangaza habari za makanjanja zitangaze, mara zilezile na saa zilezile, kwamba kampuni ilidanganya.

Mambo hayakuwa shangwe moja kwa moja. Kampuni ilikata rufaa, fidia ikapunguzwa, ikachelewa, wengine wakaipata wakiwa wameshaikatia tamaa. Nywele za mshonaji hazikuota tena katikati, akazoea, akawa anafunga kilemba akitaka na kukiacha asipotaka. Lakini matangazo yalisomwa. Waendesha pikipiki walifungulia redio hadi mwisho, na kila mara msomaji alipofika kwenye neno "ilidanganya" walipiga honi. Ofisa wa manispaa alikuja kufungua kufuli lake mwenyewe, akidai choo kimekaguliwa upya. Mdogo wake Mama Vichwa alirudi mapokezini na nywele fupi zenye mapengo, bila wigi. Meneja wa hoteli alipofungua mdomo, alimwambia amwandikie hicho anachotaka kusema, wakili wake anapenda sana kusoma. Meneja akaufunga.

Asubuhi moja, Mama Vichwa akiwa anafagia, mwanamume mmoja alisimama mlangoni pa saluni, mguu mmoja ndani, mwingine nje, kama wanavyosimama wanaume wakiogopa kuonekana mahali kama pale. Mama Vichwa akamtazama kichwa kwanza. Kilikuwa na kipara, hakuna la kufanya.

"Samahani, dada. Ni hapa penye wale waliokwenda mahakamani?"

"Ni hapa."

"Mimi si mambo ya nywele. Ni tangi la maji. Nililinunua likiwa na dhamana ya miaka mingi, limepasuka kabla halijajaa mara ya pili. Nikarudi dukani wakanicheka. Wananiambia nililikalia." Alimeza mate. "Jirani yangu lake limepasuka vilevile. Na wa nyuma yake."

Mama Vichwa aliegemeza ufagio ukutani. Akavuta kiti cha wateja, akakipangusa vumbi kwa taulo.

"Kaa," alisema. "Halafu niambie. Mko wangapi?"